Msitu Tuliouchoma ili Tupate Maji

Kijiji chetu cha Mkunya kiko juu, maji yako chini. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta. Mama aliteremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshawaka. Nilikuwa bado shule ya msingi goti lake lilipoanza kumsumbua.

Serikali ilipoifanya biashara ya korosho kuwa huria, wanunuzi binafsi walifika na malori, wakachukua korosho kwa fedha taslimu. Majirani walinunua redio. Baba alisema atajenga nyumba ya bati na kuchimba kisima uani, kuta zake zipigwe saruji, maji ya paa yaingie humo, ili mama asiteremke tena. Paa letu la nyasi lilitoa maji mekundu kama chai.

Nyumba ya bati ilitaka matofali ya kuchoma, na tanuri la matofali linakula kuni. Kuni zilikuwa kwenye msitu wa mteremkoni. Tulikata sisi, wakakata wengine. Msimu ule kila aliyeuza vizuri alikuwa na tanuri linalofuka moshi. Hakuna aliyeona ubaya. Tulikuwa tunatafuta maji.

Kisima kilijaa misimu miwili, na mama akanenepa kidogo. Kisha mvua zikabadilika. Zilichelewa mpaka mihogo ikanyauka, halafu zikamwagika zote kwa mkupuo. Kisima kilifurika, maji yaliyozidi yakapotelea mchangani. Mteremko, ambao sasa ulikuwa mtupu, uliporomosha udongo ukafukia chemchemi ya bondeni. Wanawake wakawa wanafukua maji kwa mikono. Mikorosho ilipochanua, sisi tulikuwa tunakwangua sakafu ya kisima kwa kata.

Hapo ndipo alipokuja bwana misitu na miche, mvua zikiwa zimeshakwisha. Alitukusanya, akatuambia hali ya hewa imeharibika kwa sababu tunakata miti.

"Mwanangu, miche hii inakunywa nini?" mama alimuuliza.

"Maji kidogo tu, mama. Asubuhi na jioni."

"Ya kwako au ya kwangu?"

Wanawake walicheka. Mmoja akataka kujua kama yale magunia ya mkaa nyuma ya gari lake nayo ni miche. Bwana misitu alijibu kwamba ameyanunua njiani, Chiungutwa, ya kupikia nyumbani. Nilimwamini. Na aliyosema juu yetu yalikuwa kweli. Lakini tanuri letu liliwaka siku chache likazimika. Kuhusu viwanda vya nchi tajiri, vinavyofuka tangu babu zetu hawajazaliwa, hakuwa na neno, na sijasikia kama kuna gari linalokwenda huko kugawa miche.

Kesho yake kata ilitoka kisimani na matope matupu. Baba alisimama uani akitazama anga.

"Subiri, mama watoto. Mvua itanyesha."

"Inyeshe tu. Itanikuta njiani."

Alichukua ndoo. Nilimsindikiza hadi ukingoni mwa mteremko. Zamani, goti likigoma, alikuwa akishikilia miti, mmoja baada ya mwingine, mpaka chini. Safari hii alikaa, akapakata ndoo, akaanza kujiburuta kwenye udongo.