Mgongo wa Mwana wa Mti

Habari nimeipata kituoni Korogwe, kwa mama mmoja aliyetembea kutoka Misima na mzigo wa tumbaku kichwani. "Yule mzee wako mchongaji tumemzika," alisema, kisha akaniuliza kama garimoshi la Tanga limekwisha kupita. Hapa kituoni sina wa kumwambia, kwa hiyo nawaambia ninyi wasomaji.

Niliacha shule mapema na tangu hapo miguu yangu haijatulia. Kila nilipokwenda Handeni nilipita kwa mzee huyo pale Misima, kwa kupenda kumtazama tu. Kabla ya kugusa mti alichora kwanza kwa mkaa ukutani: mbele, ubavuni, nyuma. Kisha alikizunguka kigogo mara tatu, mara nne. Nikimpa shikamoo alijibu, "Marahaba. Leo unamkimbia nani?"

Safari moja nilikuwa mpagazi wa Mdachi mpima ardhi, mtu aliyependa sana kuchora, nami nikampeleka kwa mzee. Ndani mlikuwa na mwana wa mti, kisanamu kidogo ambacho mwali hukilea kama mtoto wakati amewekwa ndani. Mke wa mzee alikirithi kwa mama zake, na kila mwali aliyepata kukilea alitiwa alama yake mgongoni mwa kisanamu. Mjukuu wa mzee alikuwa karibu kuwekwa ndani. Mdachi akaomba akichukue kambini akichore, kesho atakirudisha. Mzee akanigeukia, akaniuliza kwa Kizigua, "Huyu ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu mwema, mzee," nikasema. Nilikuwa nimemjua siku tisa.

Mzee akalishika daftari la yule bwana, akafunua kurasa taratibu: mikono, miti, uso wa mbuzi. "Anayetazama vitu namna hii hawezi kuwa mwizi," akasema, akakitoa.

Asubuhi yake bwana alitutangulia sisi wapagazi, yeye juu ya nyumbu wake. Nilipofika Korogwe na mizigo, garimoshi lilikuwa limekwisha kuondoka naye, na kisanamu pia. Aliniachia karatasi moja nimpelekee mzee: picha ya kile kisanamu, nzuri mno. Nilirudi nayo Misima peke yangu.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe.

"Mgongo uko wapi?"

"Hakuuchora, mzee."

"Alikaa mahali pamoja," akasema.

Mkewe, aliyezijua zile alama na wenyewe, alikuwa amekwisha kufa. Mzee alichonga kisanamu kipya, mbele sawasawa na picha, lakini mgongo aliulainisha tu akauacha mtupu. Nikamwambia atie alama zozote, mtoto hatajua.

"Nitajua mimi," akasema. "Na wewe."

Mjukuu alikilea hicho hicho, na mgongoni mwa kisanamu alama ya kwanza ni ya kwake. Mama wa tumbaku nilimwuliza kama mzee alipata kunitaja. "Hapana," akajibu, akaenda kutafuta kivuli.

Ninapopita, watu huniuliza fulani ni mtu gani, kwa kuwa mimi nimetembea na nimeona wengi. Nimejifunza kutojibu mpaka nimzunguke mtu kama mzee alivyokizunguka kigogo chake. Na kwa kuwa mimi huondoka kabla sijafika mgongoni mwake, mara nyingi nimenyamaza.