Maajenti Watatu na Mtu wa Kunisemea

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asinihurumie bure huko mbele. Kuna wenye hasira, kuna walafi. Mimi nikiona mtu amepata kitu nilichokuwa nakitaka, huu uso wangu haujui kuficha.

Mwaka ule tulipomaliza masomo, wivu wangu wote ulikuwa kwa mtu mmoja. Tulisomea ufamasia pamoja, kisha tukapelekwa hospitali moja kwa mwaka wa mazoezi. Mimi ni wa Moding, kwetu ni mihogo, mtama na ng'ombe wawili. Yeye ni wa Budalang'i, kwao mto ukifura watu wanahama na vitanda vyao kichwani. Ungedhani mtu aliyelelewa hivyo atakuwa na uchungu kidogo. Wapi! Alicheka na kila mtu mpaka mlinzi wa geti, na wauguzi wakija kuchukua dawa walilipita dirisha langu, mimi nikiwa nimekaa tu, wakaenda kumngojea yeye. Niliona, nikaweka moyoni.

Mazoezi yakaisha, leseni tukapata, kazi hakuna. Serikali ilituambia tusubiri. Nikapata kibarua kwenye kemisti moja Malaba, karibu na foleni ya malori, nikawa nawauzia madereva dawa za malaria na za vidonda vya tumbo. Wa huku waliniita daktari, wa ng'ambo, upande wa Uganda, wakaniita nyabo, yaani bibi. Haikuwa kazi mbaya, lakini jamani, sikukesha miaka yote ile nisome ili niuze dawa ya kikohozi. Nilitaka hospitali. Nilitaka wodi, madaktari wa kubishana nao, na sahihi yangu chini ya karatasi ya dawa.

Sasa, mpakani kwetu hakuna kinachopita bila ajenti. Lori lina ajenti wake, mahindi yana ajenti wake. Kwa hivyo niliposikia kuna mama Busia ambaye kazi yake ni kuzitafutia hospitali wafanyakazi, sikushangaa hata kidogo. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Nikaenda, nikampenda, na siku hiyo hiyo nikampigia rafiki yangu simu aje. Ndiyo, mimi ndiye niliyempeleka, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tulijaza fomu tukiwa tumekaa benchi moja. Palikuwa na nafasi ya kuandika mwenzako wa kazini, mtu atakayepigiwa simu akusemee. Mimi nikamwandika yeye. Yeye akaniandika mimi, akanigonga bega akasema, "Usiniangushe, dadangu."

Wikendi nikaenda nyumbani kumweleza mama. Mama akaweka jembe chini. "Umempa mtu mmoja tu?" akauliza. "Ukiwa na ng'ombe wa kuuza unamwambia dalali mmoja?" Kwetu ukitaka kuuza ng'ombe unawaambia madalali wote wa soko, na atakayeleta mnunuzi kwanza ndiye wako. Hakuna anayekasirika. Nikaona mama amesema la maana. Nikatafuta ajenti wa pili Kisumu na wa tatu Nairobi, nikawatumia karatasi zangu kwa simu. Rafiki yangu sikumwambia, kwa sababu nilitaka nimtangulie.

Haukupita mwezi akanipigia akipiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. Hospitali ya misheni, si mbali na Busia, ilitaka mfamasia mmoja, naye ameitwa mahojiano. "Wewe umeitwa siku gani?" akaniuliza, bila kuwa na neno moyoni. Nikamwambia hongera. Ilinitoka kama mtu anayetafuna kwinini.

Kesho yake nikapanda boda mpaka kwa yule mama wa Busia. Alinitazama juu ya miwani yake. "Dada, jina lako limefika pale mara tatu," akasema. "Kupitia kwangu, na kwa maajenti wengine wawili. Hospitali haitaki kuamua nani ndiye aliyekuleta, wanaogopa ugomvi wa malipo ya ajenti. Karatasi zako wameziweka kando. Kwani wewe ni ng'ombe wa soko?" Wallahi sikuwa nimemtajia habari za mama yangu wala madalali. Nilishuka ngazi zile masikio yanawaka.

Nilipaswa kujikasirikia mwenyewe, au basi mama. Lakini wivu hauulizi nani mwenye makosa. Nilimchukia rafiki yangu kwa kucheka kwake, kwa viatu vyake vya mahojiano alivyonitumia picha nimchagulie, kwa kila ujumbe wa "niombee". Nilimwombea, ee, nilimwombea asahau kila kitu akishakaa mbele yao. Mteja akiniuliza bei mara mbili namfokea.

Alipita mahojiano. Ikabaki simu ya kuulizwa habari zake, na simu hiyo ikaja kwangu. Nilikuwa nahesabu vidonge. Yule mama akauliza maswali ya kawaida: anafika kwa wakati, anaelewana na watu? Nikajibu ndiyo, ndiyo. Halafu akauliza, "Kuna lolote la kazi ambalo hospitali ingefaa kujua?"

Lilikuwepo. Wakati wa mazoezi, dawa ya mtoto mchanga ilikuwa haitoki mpaka mmoja apige hesabu na mwingine aihakiki. Siku moja yeye alikosea, dawa ikawa mara kumi ya ile iliyotakiwa. Mimi nikaliona kosa, haikufika wodini, mtoto hakuguswa. Tungeweza kurekebisha na kunyamaza, wengi hufanya hivyo. Yeye akavua glovu, akaenda mwenyewe kwa mkubwa wetu, akasema, "Nimekosea, andika." Mkubwa alimsifu mbele ya wote. Mimi niliyeliona kosa nikaambiwa asante tu. Hata siku ile nilimwonea wivu, yaani nilimwonea wivu kwa kukosea.

Basi nikamwambia yule mama, "Aliwahi kukosea dawa ya mtoto. Mara kumi." Nikanyamaza hapo. Kila neno lilikuwa kweli. Yaliyobaki, ya kwenda kujisema, niliyameza.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu, madam."

Hawakumchukua. Alinipigia akilia, na mimi nikamwambia pole, pole sana, Mungu atafungua mlango mwingine. Nataka niandike kwamba niliumia. Siku ile sikuumia. Nilikula vizuri, nikalala vizuri.

Wiki mbili baadaye yule mama akaniita ofisini. Nafasi ilikuwa bado wazi. Akasema rafiki yangu alimsumbua simu kila siku ili niangaliwe tena. Kwa hivyo amewaandikia wale maajenti wengine wajiondoe, wamekubali, na hospitali imezisoma karatasi zangu. Mahojiano yangu yalikuwa Jumatano. Nikaenda, nikajibu vizuri, nilijua kazi yangu. Ikabaki ile simu ya mwisho, na safari hii ilikwenda kwa rafiki yangu.

Niliporudi kuchukua barua ya kazi, yule mama hakunipa mara moja. Aliishika tu.

"Mwenzako amenieleza kisa cha yule mtoto mchanga," akasema. "Alinieleza ili nijue wewe ni mfamasia wa namna gani. Kwamba wewe ndiye uliyeliona kosa lake. Amesema bila wewe mtoto angekufa mikononi mwake, na kwamba wewe ndiye uliyemshika mkono wakaenda kwa mkubwa."

Siku ile sikumshika mkono. Wala sikuinuka kwenye kiti.

"Yeye kukuhusu wewe ameongea nusu saa," akasema yule mama. Akangoja. Akaisukuma ile barua juu ya meza. "Sijamwambia uliyoyasema. Hiyo si kazi yangu."

Niliichukua. Mtu asinidanganye kwamba yeye angeiacha.

Kemisti ya Malaba ilibaki bila mtu, na mwenye duka akaniuliza kama namjua mfamasia mwingine. Nikamtaja rafiki yangu. Akaja Ijumaa moja asubuhi nimwonyeshe dawa zinakaa wapi. Hata saa hazijapita mbili, dereva mmoja wa ng'ambo, aliyekuwa ananunua kwangu mwaka mzima bila hata tabasamu, alikuwa amesimama pale kaunta anamsimulia habari za watoto wake, yeye anacheka kile kicheko chake. Mnaweza kuamini? Nina barua ya hospitali kwenye mkoba, namwonea wivu kwa dereva wa lori.

Dereva alipoondoka akanigeukia, anapanga chupa za dawa kwenye rafu. "Nilifurahi sana ni wewe uliyepata," akasema. "Kama si mimi, basi wewe." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza dawa iko rafu gani, "Lakini wewe uko nao sasa. Hujasikia waliniacha kwa nini? Niambie nijirekebishe, hata kama ni jambo baya."

Alikuwa ananitazama usoni, huu uso wangu usiojua kuficha. Siku hiyo ukajua.

"Hawajasema," nikamwambia. "Nadhani ni bahati tu."

Akaitikia kwa kichwa, akaniamini, akaendelea kupanga chupa.