Sare ya Kwenda Ziwani

Monika wa Mshangano ni fundi cherehani, na kwa mkono hana mpinzani mtaa mzima. Kwa roho ndiyo kuna kazi. Shoga yake ni mmoja tu, Otilia wa nyumba ya pili, na huyo mmoja Monika hakutaka kumgawana na mtu.

Ndipo akahamia Nasrin. Alitoka Tunduru na mumewe Swalehe, mfanyabiashara wa korosho. Ni mdogo kwao kiumri, mcheshi, na ana miaka saba kwenye ndoa bila mtoto, jambo ambalo hamfichi mtu. Otilia alimpenda siku ya kwanza. Haukupita muda wawili hao wakaanza kupanga safari: basi la Ijumaa hadi Mbamba Bay, kulala kwa shangazi yake Otilia, asubuhi kupanda boti hadi kijiji kimoja kilichotulia upande wa Liuli, kushinda ufukweni wakila samaki aina ya mbasa wa kubanika, na jioni kurudi.

Na walipangia wapi? Kwenye benchi la Monika, mbele ya cherehani yake!

"Tubebe na kuku," Otilia alisema, "ila achinje Swalehe, ili Nasrin ale kwa amani."

Monika akakanyaga cherehani kwa nguvu. Kumbe Otilia anajua kumbembeleza mtu hivyo! Tuseme ukweli, Pasaka mbili mfululizo Otilia alimwomba waende wote ziwani, na mara zote Monika alijibu kwamba ana nguo za watu. Lakini mwenye wivu hakumbuki mambo kama hayo.

Kisha wakaleta kitenge. Wanawake wa mtaa ule hawasafiri pamoja bila sare, maana sare ndiyo inayowaambia watu nani ni mwenzake nani. Kilikuwa cha bluu, chenye samaki wa njano.

"Magauni mawili, dada Monika," Otilia alisema.

Mawili. Monika alichukua futi akampima Nasrin huku akitabasamu kwa meno tu.

Gauni la Otilia alilishona likatulia. La Nasrin alilibana kifuani na kiunoni, kisha akapunguza kitambaa cha ndani ya mshono ili fundi mwingine asipate pa kuachia. Asafiri na baibui lake, tuone hiyo sare itakuwaje kwenye picha. Alijisikia vizuri kabisa, akaimba hata wimbo wa kwaya.

Siku ya kujaribisha, Nasrin alikuja na Otilia, akaingia nyuma ya pazia akakawia kutoka. Monika akangoja lawama. Alishaandaa jibu: kitenge kimepata maji kikasinyaa. Lakini Nasrin alitoka mikono imeshika tumbo, macho yamejaa machozi.

"Dada Otilia, halifungi," alisema. "Kifuani, kiunoni, kote. Na dada Monika hajawahi kukosea kipimo cha mtu."

Otilia alimtazama, akaelewa, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

"Alhamdulillah," Nasrin akasema. "Na mimi nilikuwa nasikia uchovu tu, nikajua ni hili jua."

"Basi boti hupandi!" Otilia alimkalisha kwenye benchi. "Mawimbi ya Nyasa na mimba changa, thubutu! Monika, ndugu yangu, acha nguo za watu. Hii safari twende mimi na wewe, kama nilivyotaka tangu mwanzo."

"Na gauni achukue yeye," Nasrin aliongeza, akicheka na kulia pamoja. "Mwembamba huyu, kwake litamkaa."

Monika alibaki na mkasi mkononi. Safari ilikuwa yake sasa, na shoga yake, na sare. Angenyamaza tu. Mwezi ungepita, Nasrin angejua mwenyewe kwamba hapakuwa na kitu, na nani angemlaumu fundi?

Nasrin alikuwa ametoa simu. "Ngoja nimwambie Swalehe. Miaka saba, dada zangu. Mama yake leo atalala anaswali."

Simu ikaanza kuita. Otilia alikuwa amemkumbatia Nasrin mabegani, wote wawili wakitazama ile simu.

"Kata hiyo simu, mdogo wangu," Monika alisema. "Hujanenepa. Nilikubana mimi."

Kwenye simu, Swalehe alikuwa ameshapokea, akiuliza kuna nini.