Sindano Ambayo Haikuwepo Madaba

Mimba yangu ya kwanza niliibeba Madaba, kijijini kwa mume wangu, miaka ile biashara ilipofunguliwa na malori ya watu binafsi yakaanza kufuata mahindi hadi mlangoni. Maduka yalijaa sabuni za kunukia, redio, na vitenge vya rangi ambazo hatukuwahi kuziona.

Nilianza kliniki mapema. Nesi wa zahanati, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinipima tumbo, kisha akasema sindano ya pepopunda hakuna.

"Friji letu linatumia mafuta ya taa, mwanangu. Yalikwisha, chanjo zikaharibika."

Mume wangu alikuwa amenisindikiza. Akaonyesha duka la ng'ambo ya barabara, lenye pipa zima la mafuta ya taa.

"Mama, si yale pale? Nikanunue chupa uwashe."

"Ukiwasha litapoza maji ya kunywa tu, baba. Chanjo mpya mpaka zitoke Songea, na hawajaleta." Akanigeukia mimi. "Usiache kuja. Unachomwa wewe, lakini kinga yake inapita kwenye damu hadi kwa mtoto. Anazaliwa nayo."

Nikaendelea kwenda, tumbo likizidi kuwa zito. Ikafika mahali nesi akawa anatikisa kichwa kabla hata sijakaa kwenye benchi.

Uchungu ulinishika wakati wa mvua kubwa, njia zote matope. Mama mkwe ndiye aliyenizalisha, kama alivyozalisha wanawake wengi pale kijijini. Wembe ulikuwa mpya. Aliutoa kwenye karatasi yake nikimwona. Kitovu akakipaka majivu ya dawa, kama alivyompaka mume wangu zamani. Alikuwa mtoto wa kike. Alinyonya hadi maziwa yakamtiririka shingoni, na mama mkwe akacheka, akimwita mke mwenzake.

Hata wiki haikuisha. Asubuhi moja nilimpa ziwa, akaligeukia kwa njaa, lakini mdomo haukufunguka. Nikajaribu kupitisha kidole; taya zilikuwa zimekaza. Upepo ukabamiza mlango, mwili wote ukakakamaa mikononi mwangu.

"Mama! Njoo umwone mtoto."

Mama mkwe alikuja, akamtazama, akakaa chini sakafuni.

"Nimewahi kuwaona wa hivi," alisema.

Lori la mahindi likatubeba hadi Songea. Kila shimo la barabarani lilimkakamaza upya, nami nilimziba masikio kwa viganja, kana kwamba hilo lingesaidia. Hospitalini walituweka kwenye chumba chenye mapazia mazito, wakasema asiguswe ovyo na watu wasipige kelele. Nilikamua maziwa kwenye kikombe, wakampitishia kwa mpira mwembamba wa puani. Daktari kijana akaniuliza kama nilichomwa sindano nikiwa mjamzito.

"Hazikuwepo," nilimjibu.

Aliandika kwenye faili, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mtoto alikufa mchana, saa ya kuona wagonjwa, korido imejaa watu wenye vikapu vya chakula. Hatukupata dereva wa kukubali kurudi na maiti, kwa hiyo tulimzika huko huko Songea, upande wa Matogoro, kati ya makaburi ya watu tusiowajua.

Tuliporudi Madaba maziwa yalikuwa bado yanatoka. Mama mkwe alinikanda kifua kwa maji ya moto. Wanawake walipomfuata kuzalishwa aliwaambia macho yake yamechoka. Hayakuwa yamechoka, alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano bila kuhangaika.

Baada ya mavuno, chanjo zilifika, friji likawashwa. Nesi akatuma mtu aniite.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa nikuchome. Itamsaidia atakayefuata."

Nikampa mkono. Ilikuwa sindano ndogo kabisa, hata damu haikutoka. Kwenye benchi wajawazito walisogea ili nipate nafasi, wakidhani mimi ni mwenzao. Mmoja akaniuliza nina miezi mingapi, nikamwambia bado mapema.

Atakayefuata hakuja. Tulimngoja kwa miaka, na mume wangu akaacha kumtaja kabla yangu.