Uji wa ulezi kwenye tangi la uduvi

Leo mama mkwe amempa uji uduvi wangu mjamzito.

Sitanii.

Nafuga uduvi wadogo wekundu kwenye tangi la kioo sebuleni. Mmoja kabeba mayai tumboni, wa kwanza kufanya hivyo kwenye baridi yetu ya Sumbawanga. Nikamwonyesha mama mkwe, katoka Mpui kutusalimia.

"Mnampa nini?"

"Majani, mama."

Nikaenda kumwogesha mwanangu Neema.

Narudi, maji yamekuwa ya kahawia. Mama kashika kikombe kitupu.

"Mama Neema, wewe ulipokuwa na mimba nilikulisha majani?"

Kweli, hakunilisha. Alinipikia uji wa ulezi kila siku.

Lakini uji ukichacha kwenye maji, uduvi wote wanakufa. Nikachota yale machafu, nikaweka maji safi polepole, huku mama akiniangalia kama nampokonya mjamzito chakula.

Maji yakatakata. Mjamzito mzima, mayai anayo yote. Kashika kidonge cha uji kwa mikono miwili, anakula.

"Umeona?"

Mama alikuwa aondoke kesho. Sasa anasema harudi Mpui mpaka huyu ajifungue, atampikia mwenyewe.

Jamani, nani atamwambia kwamba wanazaliwa ishirini kwa mpigo?