Landrova Inayotazama Ziwa

Ule ulikuwa mwaka tuliokula sombe, kisamvu chetu cha huku, mpaka tukaichukia. Serikali ilikuwa imefunga ziwa miezi mitatu ili samaki wazae, na Ujiji nzima hapakuwa na dagaa mbichi wa kutia sufuriani. Mchana ugali na sombe kwa mawese, jioni ugali na sombe kwa mawese. Mwenye bahati alikuwa na dagaa wakavu wa mwaka wa nyuma, wananuka gunia. Samaki mgebuka tulimwota tu. Mtu akiniuliza landrova ya mume wangu ilifufuliwa mwaka gani, namwambia mwaka wa sombe, na hapa kwetu hakuna asiyeelewa.

Kufungwa kwa ziwa ndiko kulikomleta mjukuu wangu nyumbani. Ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi, mwanamke peke yake katikati ya wanaume, na nasema bila haya kwamba anawashinda. Injini ikiwa bado mbali majini, yeye anasikiliza kidogo tu, anakutajia ni ya nani na inaumwa nini. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Yeye alisoma ufundi mpaka akapewa cheti, nikakitundika sebuleni juu ya picha ya babu yake. Sasa boti zote zilikuwa zimevutwa nchi kavu, hana kazi. Akaja na sanduku lake la spana, akasimama mbele ya landrova, mikono kiunoni.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "mume wetu ametuachia chuma kizuri hivi, wewe umekifanya banda la kuku?"

Ndivyo anavyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nikamjibu kwamba mke mdogo hana sauti kwenye mali ya mke mkubwa.

Gari hilo mume wangu alikuwa akipandishia dagaa Kalinzi, akirudi na kahawa na maharage. Siku pampu ya dizeli ilipokufa aliliacha pale uani, uso unatazama ziwa. Akafunga milango, akatia ufunguo mfukoni, akapanda boti kwenda ng'ambo, Kongo, alikosikia kuna pampu. Neno lake la mwisho kwangu halikuwa la mapenzi. Alisema, "Lisisogezwe. Nikirudi nataka nilikute hapa hapa."

Mpaka mwaka wa sombe ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili. Boti ile haikufika upande wa pili wala haikurudi upande huu. Hata ubao haukuelea. Hata kofia, hata ndala moja.

Zilipotimia siku arobaini, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja na wazee wa msikitini. Walitaka nikae eda, miezi minne na siku kumi, kama mjane yeyote, na gari liondolewe pale lisinitie kichaa. Sikuwatandikia hata mkeka. Niliwajibu mlangoni: "Eda sikai, gari halisogei, maiti sijaiona."

Wakarudi baada ya miaka minne, wakasema sasa hata sheria ya dini inaniambia nikae. Nikawapa jibu lile lile. Wakaniita kichwa ngumu, wakaondoka.

Kitu kimoja hawakukiona wao, mimi nilikiona. Siku alipoliacha gari, kati yake na maji palikuwa na shamba la mihogo, michikichi sita na nyumba mbili za majirani. Miaka hii ziwa limepanda. Shamba limekwenda, nyumba zimekwenda, majirani wamehamia Kidahwe, na mchikichi mmoja tu ndio umebaki, umesimama ndani ya maji. Gari halikusogea kwenda ziwani. Ziwa ndilo lililolifuata gari. Mwaka ule wa sombe, kutoka bampa ya mbele mpaka maji zilikuwa hatua kumi na tisa. Nilizihesabu kila asubuhi kabla ya kuwasha moto.

Mjukuu wangu alinibana hapo hapo. Akasema masika yakija gari litazama, na yeye analihitaji kwa kazi ziwa likifunguliwa. Kisha akaacha utani, akachuchumaa mbele yangu kama anaponiamkia.

"Bibi, unamngoja babu au unalingoja ziwa?"

Swali hilo nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia: babu yako alikwenda kufuata pampu. Ukiipata wewe, safari yake imekwisha. Likiwaka, nitakaa eda na gari litasogea. Nikamtumia shemeji habari hiyo, nikaenda sokoni nikanunua kaniki ya kukalia eda, nikaiweka sandukuni bila kuifua.

Kazi ikaanza na mlango, maana ufunguo ulikwenda na mwenyewe. Mjukuu alivunja kitasa. Nilijiandaa kwa kelele, mlango uliofungwa miaka yote hiyo. Ukafunguka kimya, kama umefungwa jana. Kiti cha kushoto panya walikuwa wamekimaliza, sponji yote iko sakafuni. Cha dereva hakikuguswa. Kilikuwa na bonde lake, limeinamia kulia, maana mume wangu alikuwa mtu wa mwili na alikaa upande. Mjukuu alikipiga kwa kiganja, akakivuta, akakikung'uta. Alipoondoa mkono, bonde likarudi pale pale.

Nikapitisha kidole kwenye bawaba za mlango. Kikatoka chekundu.

Mume wangu hakupenda mlango unaolia. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alipaka bawaba zile mawese kwa unyoya wa kuku, na mimi alinikataza kugusa, alisema nitazidisha. Sijawahi kuzigusa. Mawese nimeyauza sokoni maisha yangu yote, nayajua. Ya zamani yanapauka, yanakuwa mazito, yananuka uchachu. Yale yalikuwa mekundu na ya harufu tamu, ya kukamuliwa wiki ile ile.

Nikamuuliza mjukuu kama ni yeye. Akaapa. Akaniuliza mimi, nikaapa. Akasema labda jirani.

"Jirani yupi?" nikamwambia. "Wako Kidahwe."

Akazifuta kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Kesho yake asubuhi zilikuwa nyekundu tena. Hakuzifuta mara ya pili, na neno la mke mwenza sikulisikia tena mdomoni mwake.

Pampu aliipata Kibirizi kwa fundi mzee wa Kikongo, ndani ya gunia, imefungwa kwa kamba ya nyavu. Akamuuliza ilitoka wapi. Mzee akasema ilikuja na maji zamani, watu waliiokota ndani ya boti isiyo na mtu, alikuwa ameisahau. Ikaingia mahali pake kwa boliti nne bila kulazimishwa. Nilitaka aniambie imekataa. Haikukataa.

Siku ya kuwasha ilikuwa alasiri ya kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba vimefunika milima ya Kongo, ziwa limelala kama bati. Shemeji alikuja na fimbo yake, mzee sasa, akakaa kwenye kigoda. Mimi nilikuwa na kaniki mapajani. Mjukuu aliunga nyaya kwenye betri ya boti. Mara ya kwanza injini ilikohoa. Mara ya tatu ikashika, moshi mweusi ukatoka, kuku wakatawanyika. Shemeji akafuta macho. Nikaifungua kaniki nikajitanda mabegani, kwa sababu nilikuwa nimesema.

Mjukuu akapiga honi mara mbili. Babu yake alipiga hivyo hivyo akikata kona ya nyumbani, wala hakuna aliyemfundisha. Kisha akazima injini, atazame kama dizeli inavuja.

Ndipo tukaisikia nyingine.

Ilitoka ziwani. Ziwa limefungwa, hakuna boti hata moja majini, na injini inakuja. Shemeji aligeuza kichwa, kwa hiyo haikuwa masikio yangu tu. Nikamuuliza mjukuu ni ya nani. Alisikiliza mdomo wazi.

"Bibi, hiyo siijui," akasema. Baadaye akasema, "Za namna hiyo hazipo tena. Nimeziona zilizokufa tu."

Ikakaribia mpaka usawa wa mchikichi, ikazimwa, kama mtu anavyozima akishafika kwake, boti imalizie yenyewe. Tukatazama. Hapakuwa na boti. Lilikuja wimbi moja dogo, likavunjika mchangani, likarudi.

Shemeji alinigeukia. Akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, ulitoa neno lako. Limewaka. Mtoto alisogeze, wewe ukae ndani, tumpumzishe kaka."

Mjukuu alikuwa ameshika usukani, ananitazama nimwambie. Niliivua kaniki mabegani, nikaikunja vizuri, nikamwekea shemeji mapajani.

"Eda sikai, gari halisogei, maiti sijaiona."