Darasa la Stesheni

Sikumruhusu mwanafunzi yeyote amalize kazi yake. Ndiyo ilikuwa siri yangu ya biashara. Nilifundisha kugonga picha kwenye bati la shaba, katika chumba cha nyuma ya nyumba yetu Kolwezi, na nilijua kwamba anayemaliza picha anaitundika sebuleni na humwoni tena. Basi kila mwanafunzi aliponionyesha kazi nilikunja uso: "Bado." Tata mmoja, mzee wa makamo, karani wa mgodi aliyezaliwa hapahapa mjini, aligonga uso wa mkewe mwaka mzima na nusu. Pua nilimharibia mimi mwenyewe, kwa ushauri wangu.

Kisha mgodi ukaanza kufa, mishahara ikakatika, wanafunzi wakabaki watano. Mume wangu akaapa kwamba wakipungua chini ya watatu, chumba kinakuwa cha kuku. Kuku! Sikulala.

Halafu wakubwa wakatangaza kwamba watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Wanafunzi wangu wanne walikuwa hao, karani akiwemo. Jumatatu moja nikajikuta na mmoja tu: shemeji yangu, ambaye alikuja kwa ajili ya chai.

Nikafunga nyundo ndani ya kitenge, nikajitwika mabati yao ya shaba, nikawafuata stesheni. Walikuwa wamelala juu ya saruji pamoja na magodoro na masufuria yao, wakingoja treni isiyojulikana siku wala saa. Karani aliponiona alicheka hadi machozi.

"Mama mwalimu, benyewe banatufukuza, na weye unatufuata na masomo?"

"Pua bado," nikamjibu.

Mkewe, mama mnene wa heshima zake, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. "Huyu ni nani?" akauliza.

Kicheko chetu kiliwavuta majirani. Watu wale hawakuwa na la kufanya ila kuwaza. Mama mmoja akaomba nyundo, akafuata mwingine, na wiki ya pili ilipokwisha nilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja. Shaba haikutosha, wakagonga mifuniko ya masufuria, kwa kelele iliyowakimbiza hata askari. Sijapata darasa kubwa namna ile maishani mwangu. Kila asubuhi nilitazama reli kwanza, na nikiikuta tupu moyo wangu ulitulia.

Naona haya kuyaandika haya. Watoto walikuwa wakiharisha pale, mama zao wakiiombea treni kwa rozari, na mimi peke yangu nikiomba ichelewe.

Ilikuja Alhamisi mchana. Milango ilijaa mara moja, watu wakaanza kupitia madirishani. Mke wa karani akakwama kiunoni, nusu ndani, nusu nje, akinitukana kwa Kiluba cha kwao kana kwamba dirisha nililitengeneza mimi. Nikamwegemezea bega, nikasukuma kwa nguvu zangu zote hadi akaingia. Kisha nikamsukuma mumewe, na aliyemfuata, na mwingine, nikiwafokea wafanye haraka, nikilia. Wote nilikuwa nimewaandikisha darasani mwenyewe, na yule wa mwisho nilimnyanyua miguu.